Kitako cha Gorogoro: Kumlea Mtoto Katika Imani Homa Bay na Migori

Katika Dholuo, Wakristo wa mwanzo waliitwa josomo, yaani wasomaji. Jina hilo lilieleza kilichoonekana: aliyebatizwa alikuwa mtu aliyekaa darasani, akashika kitabu, akajua herufi. Arthur Carscallen alipofungua misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, shule na kanisa vilikua kama pacha, na baadaye mtambo wa kuchapa ukafuata. Wakatoliki wa Asumbi nao walijenga madarasa ubavuni mwa kanisa. Sisemi haya kwa kulalamika. Kaunti hizi mbili zina deni kubwa kwa madarasa yale. Ila imani nayo iligeuka somo. Ikapata mwalimu wake, kipindi chake na siku yake, na mzazi akajiona amemaliza kazi pale anapomvalisha mtoto nguo safi na kumpeleka. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka minane imani huingia hasa kama jibu la swali ambalo ameliuliza mwenyewe, baada ya kuwaona watu wazima wakifanya jambo asilolielewa. Basi kazi yetu ya kwanza ni kuishi maisha yanayoulizika.

Maandiko yenyewe yanafuata utaratibu huo kwa namna ya kushangaza. Katika Kutoka 12 familia inakula Pasaka kwanza, kisha inategemewa kwamba watoto watauliza maana yake. Katika Yoshua 4 mawe kumi na mawili yanatolewa Yordani na kusimamishwa, ili siku moja mtoto apite, ayaone, aulize. Kumbukumbu la Torati 6 inataja mahali pa mazungumzo haya: nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Tendo linatangulia, swali linafuata, maelezo yanakuja mwisho. Sisi tumegeuza: tunaanza na maelezo, hatungoji swali, na tendo tunalitarajia mtoto akishakuwa mtu mzima. Wazee wa huku hawakuwa wageni wa utaratibu wa kwanza. Siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala, ilikuwa shule isiyo na ubao. Bibi aliyeitwa pim alitoa sigana, yaani hadithi, na vitendawili usiku, na mengi aliyosema yalihusu kilichotokea mchana bomani. Wamisionari waliiogopa siwindhe kwa sababu ya baadhi ya yaliyosemwa humo, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini walipoyaacha maudhui waliacha na mbinu, na hapo ndipo hasara ilipotupata.

Mtafiti wa Uingereza Ronald Goldman, katika kitabu alichotoa mwaka 1964, alionyesha kuwa watoto wadogo huzipotosha habari nyingi za Biblia kwa sababu fikra zao bado zimefungwa kwenye vitu vinavyoshikika. Wapo waliomsoma wakahitimisha kwamba Biblia ingoje. Nadhani funzo la karibu zaidi ni jingine: kitu kinachoshikika kitangulie. Yesu alisema juu ya chachu, taa, mbegu, sarafu iliyopotea na juya lililovuta samaki wa kila aina. Mtoto wa Nairobi huonyeshwa juya kwenye picha. Mtoto wa Karungu au Muhuru Bay ameliona likivutwa na wanaume waliojipanga mistari miwili, ingawa kwa sheria ya uvuvi juya la kukokota ni marufuku, na ameona watu wakichuchumaa mchangani kuchambua. Mfano wa Mathayo 13 unamkuta nusu ya kazi imekwisha. Au chukueni nyumba ya Muadventista siku ya Ijumaa: kuni zimepasuliwa, maji yamejazwa, uwanja umefagiwa, sufuria ya kesho imefunikwa kabla jua halijazama upande wa ziwa. Hakuna mtoto wa miaka minne asiyeuliza kwa nini leo kuna haraka namna hii. Akijibiwa kwamba kufanya kazi kesho ni dhambi, amepata sheria. Akijibiwa kwamba Mungu alipumzika na anatualika tupumzike naye, punda na mfanyakazi wakiwemo, amepata habari njema. Tendo ni moja. Jibu ndilo linalotenganisha.

Nataka tukae kidogo sokoni, kwa sababu ndiko mahali pasipofundishiwa dini na ndiko dini inakojifunzwa zaidi. Omena huuzwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo kila jiko la Nyanza linalijua. Gorogoro lina njia zake za kusema uongo. Kitako kinaweza kubonyezwa kwa ndani mpaka kikawa kama kichuguu kidogo. Ubavu unaweza kugongwa kwa jiwe. Muuzaji anaweza kumimina kwa mkono mlegevu ili omena zisimame zikiacha hewa katikati, na kopo likaonekana limejaa hadi kileleni. Mtoto aliyeketi chini ya meza ya mama yake huona kitako kabla ya mnunuzi. Akiona kimebonyezwa, kisha Jumapili akafundishwa Mithali 11 juu ya mizani ya udanganyifu, hajifunzi uaminifu. Anajifunza kwamba maneno ya kanisani ni ya kanisani. Akiona kopo zima, na mama akiongeza konzi moja juu bila kuombwa, atauliza kwa nini jirani haongezi. Swali hilo lina thamani kuliko aya tano za kukariri, mradi mama awe na jibu linalozidi kusema wateja watarudi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba nyumba tunayoizungumzia haipo. Baba yuko majini usiku au kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder. Mama yuko njiani na beseni alfajiri. Na nyumba nyingi zinaongozwa na bibi. Hilo la mwisho lina historia chungu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay akiishi na virusi vya UKIMWI, na kabla dawa hazijaenea wazazi wengi walikuwa wamezikwa. Lakini pingamizi hili linaipiga imani ya darasani kuliko hii ninayoitetea. Bibi asiyejua kusoma hawezi kufundisha kitabu cha mwalimu. Kushukuru juu ya kuon, yaani ugali, na mboga anaweza, na kumwambia mjukuu wake Akoth kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, na mvua hiyo ina Mwenyewe, anaweza. Paulo anapoitafuta asili ya imani ya Timotheo anamtaja bibi, Loisi, kisha mama, Eunike. Na baba mvuvi hayuko mbali siku zote. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na mashua hukaa nchi kavu. Kanisa linalopanga mikutano ya wazazi kwa kalenda ya ofisini huku usiku wa mbalamwezi ukipita bure halijawatazama waumini wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kumjaza mtoto imani kila saa ya siku ni kumnyima uhuru, na kwamba angeachwa akue achague mwenyewe. Baada ya mkasa wa waumini walioambiwa wafunge hadi kufa huko Shakahola, ambako tangu mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, hakuna haki ya kulicheka pingamizi hili. Kule imani ilishika chakula, shule, hospitali na usingizi. Tofauti, hata hivyo, haiko katika wingi wa saa. Iko katika nani anayeuliza. Mahali ambapo swali la mtoto ni uasi, kila tendo la dini ni kamba. Mahali ambapo swali ndilo linalofungua mazungumzo, mtoto anazoezwa kupima majibu, yakiwemo ya mchungaji. Kuhusu kumwacha bila chochote, hiyo haiwezekani. Kopo lililobonyezwa nalo linafundisha, na halingoji mtu afikishe miaka kumi na minane.

Wengine watahofu kwamba imani itayeyuka iwe adabu njema tu, bila Kristo, bila mafundisho. Hofu hiyo ni ya haki kwa kiasi fulani, na ndiyo maana sitaki Shule ya Jumapili wala ya Sabato ifungwe. Lakini tukumbuke ilikotoka. Robert Raikes aliianzisha yake Gloucester mwaka 1780 kwa ajili ya watoto waliofanya kazi siku sita na hawakuwa na mtu wa kuwafunza. Ilikuwa mkongojo, na mkongojo haushindani na mguu. Mwalimu wa Homa Bay aanze kipindi kwa kuuliza watoto wameona nini tangu juma lililopita, kisha atafute habari ya Biblia inayokutana na walichokiona, hata kama mpangilio wa kitabu utavurugika. Atasikia mengine asiyoyapenda. Watoto wa ufukweni wanaijua jaboya, yaani kubadilishana samaki kwa ngono, hata kama hawaijui kwa jina: wanaona mama nani anapewa samaki na nani anarudi na beseni tupu, na yupi mvuvi anakuja usiku. Hapo hakuna hadithi ya flanelografu itakayosaidia, na jibu la kwanza la kanisa si la maneno. Wanawake wa Nduru, upande wa Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe mwaka 2011, wakaajiri wanaume wa kuzivulia. Mtoto aliyemwona mama yake akimlipa mvuvi mshahara badala ya kumsihi alirudi nyumbani na swali jingine kabisa.