Mawazo mengi katika kichwa kimoja: maneno tuliyoambia memba wapya, mwaka mumoja kiisha Nyiragongo kulipuka

Leo tuko wengi mpaka viti havikutosha, mutusamehe. Tunajua wamoja mulikuja kusikia habari ya kwenda barabarani siku ya kazi ya kwanza. Tutafika pale. Lakini kwanza tunataka kuongea juu ya kitu chenye hatuongeleaka sana: yale yanayopita katika vichwa vyetu mbele ya kufanya kitu.

Turudi tarehe 22 mwezi wa tano, mwaka 2021. Ilikuwa siku ya posho, mangaribi. Anga likageuka jekundu upande wa Nyiragongo, na hakuna kiongozi hata mumoja aliyekuwa ametuonya. Mulifikiria nini dakika ile? Sisi tulipoulizana kiisha, tulikuta hakuna mutu aliyekuwa na wazo moja. Kila mutu alikuwa nayo matatu, ine, yanapigana.

La kwanza lilikuwa woga. Woga hausemi mengi: kimbia. Unafika kwa miguu mbele ya kufika kwa kichwa. Wenye kuusikiliza walikamata watoto, wakashika njia ya Gisenyi ao ya Sake, wengine na sapatu moja. Kesho yake, wakati lava ilikuwa imesimama kule Buhene karibu na uwanja wa ndege, tukawacheka. Tulikosa. Kama ingeendelea kushuka, wao ndio wangekuwa wazima.

Lakini kuko wazo lingine ambalo watu hawaliogopi, na pengine ndilo la kuangalia sana: kumbukumbu. Mama wa mumoja wetu, pale Mabanga, alikaa mulangoni akasema: «Hii moto ninaijua. Inatembea pole. Mufunge kwanza magodoro.» Ile tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002 alikuwa ameona lava ikipita katikati ya muji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Alikataza watoto wasikaribie mahali pa petroli, juu alikumbuka kituo chenye kililipuka siku zile na kuua watu wenye walikuwa wanachota. Hapo kumbukumbu ilimusaidia, na sisi pia ilitusaidia.

Halafu ikafika usiku wa tarehe 27. Muji ulikuwa unatetemeka siku nzima, kuta zimepasuka, barabara zimepasuka. Serikali ikaambia kartiye 10 za Goma zitoke, Mabanga zote mbili ndani. Mama akakataa. Kumbukumbu ilimuambia: volkano inaonyesha moto, na mimi sioni moto. Kumbe safari hii hatari yenye walikuwa wanasema ilikuwa chini ya udongo, na chini ya ziwa. Kumbukumbu yake haikuwa na picha ya kitu kama hicho, kwa hiyo ikamuambia hakipo. Moto haukutoka, asante Mungu. Yeye mpaka leo anasema alishinda. Sisi, kwa heshima yote, tunasema alibahatisha.

Sasa tuingie kwa lile linalotuhusu sisi, wala hatutalificha. Usiku ule ule tulipata sauti kwa WhatsApp. Mwanaume anaongea kwa utulivu, kama mwalimu: gaz ya ziwa Kivu itatoka saa kumi ya usiku, wote watakufa wakilala. Na maneno yake yalikuwa na kipande cha ukweli. Gaz iko kweli chini ya ziwa. Mwaka 1986, kule Kameruni, ziwa Nyos lilitoa gaz na watu karibu 1.700 wakafa. Na sisi watoto wa Goma nani hajui mazuku? Tumeona mbuzi amekufa katika shimo bila kidonda. Kwa hiyo uongo ule wa saa kumi ulikuja umevaa nguo za ukweli, na sisi tukaufungulia mulango.

Tuliituma kwa vikundi vitatu. Haikupita dakika moja. Mumoja alifikiri mwenzake amehakikisha, mwenzake alifikiri vile vile. Hakuna aliyeamua! Kwa avenyu yetu watu wakatoka katika giza wakisukumana. Mukongwe mumoja mugonjwa alisukumwa juu ya chukudu. Mutoto wa miaka sita alipotea siku mbili, wakamukuta Sake kwa watu wa kanisa. Saa kumi ikapita. Ziwa lilikuwa kimya.

Wazo lile halikuwa letu, lilikuwa la kuazima, lakini liliongea na sauti yetu. Tulipopita kiisha kukusanya maharagi ya wale waliounguziwa nyumba, mama wawili walifunga mulango. «Ninyi wa ile sauti.» Miaka ya kufagia soko, ya kuandikia meya barua juu ya maji, yote ilipotea usiku mumoja.

Musidhani basi jibu ni hesabu peke yake. Tuko na ndugu mumoja hapa, hatutamutaja, yeye anapenda kujua: nani amesema, saa ngapi, kartiye gani. Usiku wa tarehe 27 ndiye alitufaa sana, alijua nani hana gari na nani hawezi kutembea. Lakini siku ya posho, anga ikiwa jekundu, alikuwa bado anatafuta uhakikisho katika simu wakati majirani wote wameisha kwenda. Hesabu inataka wakati, na mulima haukupi wakati kila siku.

Na hasira? Ninyi wengi ndiyo imewaleta. Iko na sababu: kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimekosa feza, na leo, mwaka mumoja umepita, familia zingali zinalala chini ya shitingi. Hasira tunaihitaji. Shida yake, inataka mukosaji mumoja, leo leo, na ikikosa wa mbali inashika wa karibu.

Kwa hiyo tumeweka desturi, mutaizoea. Mbele ya kutuma kitu, mutu anasema kwa mudomo: hili wazo nimelitoa wapi? Kama jibu ni «nimelipokea», halitumwi mpaka mutu mwingine atafute. Na katika kila mukutano tunachagua mutu mumoja kwa kazi ya woga. Anataja yote yanayoweza kuharibika, na ni mwiko kumuita mwoga. Mwingine anashika hesabu. Muzee mumoja wa kartiye anaitwa kwa kumbukumbu, lakini tunamuuliza pia: ni nini safari hii hujawahi kuona? Wa hasira hatumuchagui, hao hawakosekanaka.

Mara ya mwisho wa woga alituzuia kutoka. Wamoja walichukia, mumoja akaacha kuja mpaka leo. Pengine tulikosa siku ile, hatujapatana bado.

Sasa habari ya siku ya kazi ya kwanza. Tunataka kwenda kukaa mbele ya ofisi kudai makao ya watu wa Buhene na Kibati. Mukoa uliwekwa chini ya wanajeshi tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021, munajua maana yake. Dada mwenye kazi ya woga leo, simama, wewe ndiye wa kwanza.