Kutoka Mengo hadi Mathari: Ugomvi wa Madhehebu na Ramani ya Mlima Kenya



Mada ya semina hii ni falme, nasi Wakikuyu hatukuwa na mfalme. Hata hivyo, njia iliyowaleta wamisionari Nyeri inapitia kwa kabaka, mfalme wa Buganda. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, makao ya kabaka, Wakatoliki wa Buganda, walioitwa Wafaransa, walipigana na Waprotestanti, walioitwa Waingereza. Kapteni Lugard, aliyetumwa na kampuni ya Kiingereza, aliwagawia Waprotestanti bunduki, na bunduki zake za rashasha za Maxim zikamaliza shauri. Wakatoliki wakasukumiwa Buddu. Mwaka uliotangulia, kampuni hiyo ilikuwa imekata shauri kuondoka Uganda kwa ukata. Marafiki wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, kule Uingereza ndio waliochanga fedha ili ibaki. Mwaka 1894 Uganda ikawa himaya ya Uingereza, reli ikafuata, nayo ikafungua nyanda zetu.

Huku hapakuwa na Mengo ya pili. Wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Scotland, yaani Wascoti, na CMS waligawana nchi mapema kwa mpaka uliolenga kilele cha Mlima Kenya. CMS wakashika Kahuhia, Weithaga na Kabare. Wascoti wakajenga Tumutumu, Mathira. Wakristo waliogawana vilima vya watu hawakuwauliza wenye vilima. Mpaka leo, nikikutana na mzee wa Mathira, nabahatisha kwamba ni wa PCEA, kanisa lililotokana na Wascoti, na mara nyingi sikosei.

Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Turin, hawakuwamo katika mapatano hayo. Walipokewa na Karuri wa Gakure huko Tuthu mwaka 1902, na mwaka uliofuata wakawa wamefika Nyeri, ambako jeshi la Waingereza lilikuwa limetoka tu kujenga boma. Misheni yao ya Mathari, basi, ni jirani wa boma tangu mwanzo.

Ufa mkubwa ulitokea mwaka 1929. Wascoti waliwataka waumini wakane tohara ya wasichana kwa sahihi au chapa ya kidole gumba, kirore. Waliokubali wakaitwa Kirore, waliokataa wakaitwa Karing'a. Wakonsolata hawakudai kiapo cha namna hiyo. Wengine husema ni huruma. Mimi naona ushindani pia ulikuwemo, kwani muumini aliyefukuzwa Tumutumu hakuwa mbali na Mathari. Lakini wengi hawakwenda kwa Mwitalia wala kubaki kwa Mscoti. Walijenga shule zao wenyewe, wakakosa mapadri, na mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika akaja kutoka Afrika Kusini, akawafundisha mapadri Gituamba.

Hapo ugomvi wa Wakristo ukawa siasa waziwazi. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu kwa pamoja, ulipigwa marufuku mwaka 1930. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilifunga nyingi za shule hizo huru. Za Wascoti na za Wakonsolata ziliendelea kupiga kengele.