Kuchagua Masomo Bila Kuijua Kazi ya Kesho

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama, Hadado



Kamati ilituomba tuseme maneno machache juu ya masomo ambayo watoto wetu hutakiwa kuyachagua wanapomaliza Gredi ya 9. Twashukuru kwa heshima hiyo, ijapokuwa sisi si walimu. Kazi yetu ni ukarani. Kwa miaka mingi tumekaa nyuma ya meza tukiwajazia vijana wa upande huu fomu zao: fomu za basari, fomu za vyuo, fomu za kazi. Na karani huona jambo ambalo mwalimu mara nyingi halioni. Mwalimu humwona mtoto akiondoka shuleni na cheti mkononi. Karani humwona miaka miwili baadaye, siku anapoambiwa kwamba cheti kile, kwa kozi anayoitaka, hakitoshi.

Si kwamba hakufaulu. Hapo ndipo penye uchungu. Wastani wake ni mzuri, pengine C kamili au zaidi, na baba yake ameshauza ngamia kwa ajili ya karo. Lakini kozi yataka Kemia, naye Kemia aliiacha. Tukimwuliza sababu, wengi hawaikumbuki. Mmoja alituambia kuwa aliiacha kwa sababu kipindi chake kilikuwa cha mwisho kabla ya chakula cha mchana.

Tusimcheke. Sisi wenyewe tulisoma katika shule ya misheni, mbali sana na hapa, zamani za mfumo wa 8-4-4, ambapo uchaguzi ulifanywa mwishoni mwa kidato cha pili. Jioni moja tulipewa vipande vya karatasi, tukaambiwa tuandike masomo tutakayoendelea nayo, na karatasi zikusanywe kabla ya kengele ya chakula. Hakuna aliyetueleza kitu. Rafiki yetu aliyeketi upande wa kulia aliiacha Fizikia, nasi tukaiacha. Ndiyo sababu yote, hatuna nyingine ya kuwapa. Tulipomaliza kidato cha nne tulitamani sana kusomea ufundi wa maji, kwa maana tulikulia karibu na kisima cha mashine, na tulijua jinsi watu na mifugo wanavyolala na kiu injini ikifa, wote wakimngoja fundi aletwe kwa gari kutoka mbali. Tulipeleka maombi chuoni. Tuliulizwa alama yetu ya Fizikia. Tulikuwa na alama nzuri sana ya Historia.

Ukarani umetulisha sisi na watoto wetu, alhamdulillah, wala hatuudharau. Lakini twawaomba mtusikilize kama watu wanaomsikiliza aliyekwisha kutumbukia katika shimo lile.

Sasa mambo yamebadilika, na wazazi wengi bado hufikiri habari za zamani. Mtihani wa KCPE wa mwisho ulifanywa mwaka 2023, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inamalizika mwaka 2027. Watoto wa mtaala wa umilisi walifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwaka 2025, na mwezi wa Januari 2026 kundi lao likafungua mlango wa Gredi ya 10, yaani sekondari pevu. Huko kuna mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao watu huuita STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa pamoja na Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Kisha huongeza masomo matatu ya kuchagua mwenyewe. Masomo matatu tu! Sisi tulichagua vibaya tukiwa na masomo saba au manane, na bado tukabakiwa na mengine ya kushikilia. Anayechagua matatu hana mengi ya kushikilia akikosea. Tena huchagua akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, huku swali analoulizwa na kila mtu ni moja: unataka kuwa nani?

Swali hilo, kwa maoni yetu, si la haki. Mtoto wa Nairobi amewaona mhandisi, mwanasheria, mpima ardhi na mtaalamu wa dawa wakitoka nje kila asubuhi. Mtoto wa kwetu ameona mwalimu, muuguzi, polisi, mwenye duka, na mfugaji. Ukimwuliza atakuwa nani, atataja mmoja wa hao, au atasema daktari kwa kuwa wageni hulipenda jibu hilo. Akinyamaza, si mjinga. Hajui, na aliye mkweli miongoni mwetu atakiri kuwa katika umri ule naye hakujua.

Basi afanyeje asiyejua? Wazee mlio hapa mnalo jibu kuliko sisi. Malisho yakiisha, hakuna mzee mwenye akili anayeng'oa nyumba yake na kuswaga mifugo yote kuelekea upande ambao hakuna aliyeuona. Kwanza hutuma sahan. Vijana wawili watatu hutangulia, wakatazama majani, maji, na nani amekwisha kufika huko, kisha huleta habari. Hata habari zikiwa njema, mzee huwagawa wanyama wake: ngamia waende mbali, mbuzi wabaki karibu na boma. Hajui mvua itanyesha wapi, kwa hiyo hapangi safari kana kwamba anajua.

Masomo matatu yagawanywe vivyo hivyo. Asiyejua kazi yake achukue kwanza masomo ambayo milango mingi huyaulizia, na katika hesabu yetu ya fomu tulizozijaza, Biolojia na Kemia ndiyo yaliyoulizwa mara nyingi kuliko mengine. Uuguzi huyataka, maabara za hospitali huyataka, elimu ya chakula, kilimo na afya ya mifugo vilevile. Kijana aliyekulia kati ya ngamia, anayeutambua ugonjwa kwa kumtazama mnyama anavyotembea, ana nusu ya elimu ambayo vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu hufundisha. Nusu ya pili huanzia katika Biolojia. Ni aibu kwetu kwamba watoto wa wafugaji huiacha na kuwaachia wengine kazi ya kutibu ngamia. Somo la tatu na liwe lile analolipenda kwa dhati, maana mtoto asiye na somo hata moja la kumfurahisha hachukui muda kuyachukia yote.

Lakini mtu asitoke hapa akasema karani amewaamuru watoto wote waende STEM. Serikali imeweka shabaha ya asilimia 60 ya wanafunzi katika mkondo huo, 25 katika Sayansi za Jamii na 15 katika Sanaa na Michezo. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima. Mtoto mmoja hawezi kugawanywa kwa asilimia. Yuko mtoto ambaye kichwa chake kimo katika lugha na maneno ya watu, na kumfungia na mizani ya Kemia ni kumtesa. Mkumbukeni marehemu Dekha Ibrahim Abdi, binti wa Wajir, aliyezaliwa mwaka 1964 na kufariki mwaka 2011. Vita vya koo vilipokuwa vikitumaliza mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wanawake wenzake walianza kwa kuzungumza na wanawake wa sokoni, wakaendelea hadi kwa wazee, na mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Ni somo gani la shule lililokuwa na jina la kazi ile? Historia, Jiografia, Kiarabu, Elimu ya Dini ya Kiislamu na Biashara si masomo ya walioshindwa, kama wengine wanavyosema vibarazani. Anayeyachagua ayachague kwa kuyataka. Asiyachague kwa kuikimbia Hisabati.

Na juu ya Hisabati hiyo, tafadhalini tegeni masikio, maana hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Kila mwanafunzi ataisoma, lakini hisabati zenyewe ni mbili. Walio katika STEM husoma ile nzito. Nyingine nyepesi imewekwa kwa ajili ya mikondo miwili iliyobaki. Mtoto asiyejua kazi yake akiona neno "nyepesi" atashukuru na kuweka sahihi. Twaogopa kwamba miaka michache ijayo tutawaona mezani petu vijana wanaotaka uhasibu, uchumi au takwimu, nao waliweka sahihi ile. Kwa hiyo, hata anayekwenda Sayansi za Jamii, mzazi wake amwulize mkuu wa shule kama mtoto aweza kusoma hisabati nzito. Kuuliza hakulipiwi.

Jambo jingine ni letu peke yetu, wala halimo katika vitabu vya mwongozo vinavyoandikwa Nairobi. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na walimu walikuwamo. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo walimu wengi waliotoka mikoa mingine wakahamishwa kutoka kaskazini mashariki. Hatuwalaumu waliokwenda, kila mtu ana mama. Lakini walipoondoka, masomo yaliondoka nao, na mara nyingi yalikuwa Fizikia, Kemia na Hisabati. Kwa sababu hiyo mtoto wa Hadado hawezi kuuliza "napenda nini?" akaishia hapo. Lazima aulize pia: katika shule ile ninayoiandika, ni nani anayefundisha somo hili? Yuko sasa, au jina lake limo katika ratiba tu? Maabara ipo, na ikiwapo, ina maji? Tena shule nyingine zina mikondo miwili tu. Mkondo mzuri katika shule isiyo na mwalimu ni kisima kilichochorwa katika ramani.

Hiyo ndiyo sahan ya mzazi. Achukue gari siku moja, aende mpaka shuleni, asimame dirishani. Akina baba mnaosafiri siku mbili kwenda kumtazama ngamia kabla ya kumnunua, mnajua kazi hii.

Twageukia sasa mabinti. Tumepokea fomu ambazo baba alizijaza, binti akiwa amesimama kando kimya. Baba huandika Sayansi Kimu, akiamini amemchagulia jambo la heshima. Ni somo jema, wala hatulipingi. Lakini baba huyuhuyu, mke wake akishikwa na uchungu wa kuzaa, huomba muuguzi wa kike, tena anayejua Kisomali. Atatoka wapi muuguzi huyo? Chuo cha KMTC kiko Garissa, si safari ya kwenda ng'ambo, na kwa waliofanya KCSE diploma ya uuguzi imedai wastani wa C, na Biolojia miongoni mwa masomo yanayotazamwa. Tumemsikia mama mmoja akimwambia mumewe mbele yetu, "Mwulize mwenyewe." Alimwuliza. Binti alisema Kemia, kwa sauti ndogo sana, na ikabidi tufute kwa kifutio.

Kwa wale wenye watoto waliobaki kidato cha tatu na cha nne, neno moja tu. Tangu mwaka 2023 wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano yaliyo bora. Hesabu hii imewainua wengi, nasi twafurahi. Lakini wastani humfikisha mtu langoni tu. Kozi yenyewe bado huuliza masomo yake kwa majina, na somo lililoanguka, hata likiachwa nje ya wastani, huonekana katika cheti.

Bwana Mwenyekiti, twaona saa yako. Tumebakiwa na la kazi. Jumamosi mbili zijazo, baada ya sala ya Adhuhuri, tutakuwa katika chumba cha Chama pamoja na mwalimu mmoja aliyekubali kutusaidia. Kila mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 9 na aje na ripoti za mtoto za Gredi ya 7 na ya 8, maana tathmini za shuleni za miaka hiyo huchukua asilimia 20 katika hesabu ya kumpangia nafasi, na mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20 nyingine. Iliyobaki, asilimia 60, ni ya KJSEA. Aje pia na mtoto mwenyewe. Fomu iliyoletwa na baba peke yake hatutaijaza. Kalamu tunazo, na kifutio kipo.