Kwa Sheria Ipi? Tuliyoyaona katika Nyumba ya Hadamar

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanaharakati na waumini.)



Mmetuomba tuwasimulie safari tuliyoifanya Ujerumani, sisi wanasheria wachache pamoja na watumishi wa Kanisa tuliofuatana nao. Huenda wengi wenu mlitarajia tuzungumze juu ya Auschwitz, kwani jina hilo limekwisha kuwa kama muhuri wa maovu yote ya Wanazi. Huko hatukwenda. Tulikwenda katika mji mdogo uitwao Hadamar, kaskazini ya Limburg katika jimbo la Hesse, ambao wengi wetu hatukuwa tumepata kulisikia jina lake. Tumechagua kuwaeleza habari za mji huo kwa kuwa katika nyumba za namna hiyo ndimo watawala wale walimojifunza kazi ya kuua kwa gesi, kabla ya kuipeleka kwa mamilioni ya Wayahudi.

Hadamar si kambi yenye seng'enge na minara ya walinzi. Ni hospitali. Imesimama juu ya kilima kiitwacho Mönchberg, yaani Kilima cha Watawa, maana zamani watawa Wafransisko walikuwa na makao yao hapo. Hata leo wagonjwa wa akili hutibiwa papo hapo, na tulipokuwa tukipanda tulipishana na wauguzi wakienda zamu. Mama mmoja, mtulivu wa maneno, ndiye aliyetuongoza. Hakutupeleka kwanza kwenye picha wala kwenye vitabu. Alitupeleka uani, mbele ya banda la mbao, akatuambia: tuanzie hapa walipoanzia wao.

Banda hilo lilikuwa la mabasi. Mabasi yenyewe yalikuwa ya kampuni iliyojiita ya kusafirisha wagonjwa kwa manufaa ya umma. Tafadhalini liangalieni jina hilo, ndugu zangu. Basi liliingia bandani, milango ikafungwa, ndipo abiria wakateremshwa na kupitishwa katika ujia uliofunikwa mpaka ndani ya jengo, ili jirani asione mtu. Wakavuliwa nguo. Wakapita mbele ya daktari, ambaye kazi yake haikuwa kuwatibu bali kuchagua, katika orodha iliyokwisha kutayarishwa, ugonjwa wa uongo ambao ungeandikwa kuwa ndio uliowaua. Wenye meno ya dhahabu walitiwa alama. Kisha wakateremshwa ngazi.

Nasi tuliteremka ngazi hizo. Chini ni chumba kidogo chenye vigae, ambacho mtu angedhani ni bafu, na ndivyo walivyokusudia adhaniwe. Watu wapatao sitini walisongamanishwa humo kwa mara moja. Meza ya mawe ya kupasulia maiti ingali katika chumba cha jirani. Mbele yake ndipo palipokuwa na matanuri mawili. Mchungaji mmoja wa msafara wetu aliuliza ni nani aliyelifungua bomba la gesi. Mama yule akajibu: daktari. Amri ilikuwa hivyo, kwamba bomba lifunguliwe na daktari. Hakuna kati yetu aliyesema neno kwa muda mrefu.

Kuanzia Januari hadi Agosti 1941 waliuawa katika chumba hicho watu zaidi ya 10,000. Walikuwa wagonjwa wa akili, wenye kifafa, na walemavu: watu ambao serikali iliwaita walaji wasio na faida. Hadamar ilikuwa moja ya nyumba sita za mpango ulioitwa T4, jina lililotokana na anwani ya ofisi yake Berlin, Tiergartenstraße nambari 4. Kwa hesabu ya wauaji wenyewe, nyumba hizo sita ziliua watu 70,273 hadi Agosti 1941. Kisha wengi wa watumishi wake walipelekwa Poland, katika kambi za Belzec, Sobibor na Treblinka. Daktari Irmfried Eberl, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya Brandenburg na ile ya Bernburg, ndiye aliyekuwa kamanda wa kwanza wa Treblinka. Mkono uliozoea kumuua kiwete haukutetemeka ulipoelekezwa kwa Myahudi.

Lakini kilichotushtua sisi wanasheria kuliko vyote ni karatasi. Mgonjwa alihukumiwa kwa fomu. Hospitali ilijaza fomu juu yake, fomu ikapelekwa kwa madaktari wa mpango, nao bila kumwona mtu mwenyewe wakaweka alama: msalaba mwekundu maana yake afe, mstari wa buluu maana yake aishi. Hadamar ilikuwa hata na ofisi yake ya kuandikisha vifo, ikitoa hati zenye muhuri, zenye tarehe ya uongo na sababu ya uongo. Jamaa waliandikiwa barua za rambirambi, wakatumiwa majivu ambayo hayakuwa ya mtu wao. Na kwa kuwa tarehe ya kifo ilisogezwa mbele, fedha za matunzo ya marehemu ziliendelea kudaiwa.

Basi tukauliza swali la kazi yetu: haya yote yalitendwa kwa sheria ipi? Jibu ni kwamba sheria haikuwapo. Hapakuwa na sheria iliyopitishwa wala kutangazwa. Ilikuwapo barua fupi ya Hitler, iliyowekwa tarehe 1 Septemba 1939, ya kuwapa ruhusa watu wawili, Philipp Bouhler na Daktari Karl Brandt. Barua hiyo ilifanywa siri. Kwa sheria za Ujerumani zenyewe, kilichofanyika Hadamar kilikuwa mauaji, na kila wakili nchini humo aliyekijua alijua hivyo.

Je, wenye sheria walisema nini? Tarehe 23 na 24 Aprili 1941 marais wa mahakama za juu na waendesha mashtaka wakuu wa nchi nzima waliitwa Berlin wakaelezwa mpango huo waziwazi. Hakuna aliyesimama kupinga. Tunawaambieni kwa aibu, kwa kuwa ni watu wa joho kama letu.

Hata hivyo jaji mmoja alikuwa amekwisha kuuliza. Lothar Kreyssig, wa mji wa Brandenburg, alikuwa na jukumu la kuwalinda kisheria watu wasiojiweza. Alipoona barua za vifo vyao zinazidi, alimwandikia Waziri wa Sheria Julai 1940, akaziamuru hospitali zisimhamishe mtu aliye chini ya ulinzi wake bila ridhaa yake, na akamshtaki Bouhler kwa mauaji. Waziri alimweleza kwamba kama hawezi kuyakubali mapenzi ya kiongozi kuwa ndiyo chimbuko la sheria, hawezi kuendelea kuwa jaji. Hakuyakubali, akastaafishwa. Alikuwa muumini wa Kanisa la Ungamo, Waprotestanti waliokataa chama kiwe bwana wa Kanisa. Hakuuawa wala hakufungwa. Alikwenda kulima shamba lake, akafariki mwaka 1986. Wale wenzake waliodai baadaye kwamba hawakuwa na njia nyingine, na wamtazame yeye.

Na Kanisa je? Mjini Hadamar moshi ulionekana na kila mtu. Lisemwalo lipo. Askofu wa Limburg, Antonius Hilfrich, aliiandikia Wizara ya Sheria tarehe 13 Agosti 1941 kwamba hata watoto wa shule walikuwa wakiyatambua mabasi yale na kuitana kwa maneno ya mauaji, wakitishana kwa tanuri la Hadamar. Siku kumi kabla yake, Askofu Clemens August von Galen wa Münster alikuwa amepanda mimbarani akayaita mauaji hayo kwa jina lake, na akaitaja sheria iliyokuwa ikivunjwa. Hotuba yake ilinakiliwa kwa mkono na kwa taipureta, ikapitishwa kisirisiri nyumba hadi nyumba. Mjini Lübeck mapadri watatu na mchungaji mmoja Mlutheri walioisambaza walikamatwa, wakakatwa vichwa tarehe 10 Novemba 1943. Ninyi mnaosoma na kugawa jarida kama hili, wakumbukeni ndugu hao wanne.

Tarehe 24 Agosti 1941 Hitler aliamuru mauaji ya gesi hospitalini yasimamishwe, na manung'uniko ya watu yalikuwa miongoni mwa sababu. Lakini hapa, ndugu zangu, tusijisifu upesi. Mama yule alitupandisha nyuma ya hospitali mpaka makaburini. Kuanzia Agosti 1942 hadi Machi 1945 watu wapatao 4,400 wengine waliuawa Hadamar, safari hii bila gesi na bila moshi: kwa dawa zilizozidishwa na kwa njaa. Wakazikwa katika mashimo ya pamoja yaliyofanywa yafanane na kaburi la mtu mmoja mmoja. Dhuluma ilipokemewa haikutubu, ilijifunza kunyamaza. Palihitajika mtu wa kuuliza tena mwaka wa pili na wa tatu.

Tena kuna neno zito zaidi. Wagonjwa wale walikuwa watoto wa waumini, na maaskofu walisema kwa ajili ya watoto wao. Wayahudi walipopakiwa kwenye magari-moshi, mimbari zilizokuwa zimenguruma hazikunguruma vile tena. Padri Bernhard Lichtenberg wa Berlin aliwaombea Wayahudi hadharani tangu Novemba 1938, akakamatwa mwaka 1941, akafa mwaka 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau. Lakini wa namna yake walikuwa wachache mno. Wahenga wetu walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wengi walitia maji kichwa chao wenyewe tu.

Baada ya vita, Oktoba 1945, Wamarekani walifungua kesi Wiesbaden, mwendesha mashtaka akiwa Leon Jaworski. Waliweza kuwashtaki kwa vifo vya wafanyakazi wa Kipolandi na wa Kisovieti 476 tu. Raia wa Ujerumani waliachiwa mahakama za Ujerumani. Watatu walinyongwa Machi 1946. Madaktari wawili waliohukumiwa kufa Frankfurt mwaka 1947 hawakunyongwa, na katika miaka ya 1950 walikuwa huru. Maonyesho ya ukumbusho katika vyumba vile vya chini yalifunguliwa mwaka 1983 tu. Ukweli ulikawia karibu miaka arobaini, ngazi chache tu chini ya miguu ya watu.

Hatusemi kwamba yaliyotupata Kenya ni sawa na hayo. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima wafu wa Hadamar na wa kwetu pia. Lakini nasi tunazijua ngazi za kuteremka chini ya jengo la serikali. Vyumba vya mateso vya Nyayo House vilikuwa chini ya ofisi ambamo wananchi walipanga foleni kila siku, na vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Nasi tunajua maana ya jaji asiye na hakika ya kazi yake, kwani mwaka 1988 Katiba yetu ilibadilishwa kuwaondolea majaji ulinzi huo, usirudishwe mpaka mwaka 1990.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Mtu akichukuliwa, ulizeni kwa sheria ipi, na mtake kuiona karatasi. Mkijibiwa leo, ulizeni tena kesho. Na aliyechukuliwa akiwa si wa kabila lenu, wala wa chama chenu, wala wa dhehebu lenu, hapo ndipo muulize kwa sauti kubwa zaidi.

Juu ya makaburi ya Hadamar pana nguzo ya jiwe yenye maneno machache yanayomtaka mtu amheshimu mtu. Tulisimama mbele yake, Wakatoliki na Waprotestanti, tukaomba kimya. Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi. Nasi siku moja tutaulizwa.