Mkutano wa Kijiji Hauulizi Kabila

(Hotuba kwa wanachama wa Katumba Songwe)



Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alilazimika kupiga kura tatu: ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Serikali ya kikoloni ilimpima mtu kwa ngozi yake.

Leo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Haiulizi rangi wala kabila.

Basi na tujiulize sisi. Mto Songwe ulifanywa mpaka na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na mto wenyewe huhama njia yake. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu. Mafuriko yakija, hayachagui nyumba. Je, mkaaji mwenzetu akisimama kuuliza hesabu ya fedha za kijiji, tumwambie, "Kaa chini, wewe mtu wa ng'ambo"? Huo ni ukoloni ule ule, ila umevaa kanzu yetu.

Nawaombeni jambo moja. Kiongozi wa kijiji atakayemnyima mkaaji nafasi ya kusema kwa sababu ya asili yake, tumkanye pale pale mkutanoni. Akiwa mwanachama wetu, tuwe wa kwanza kumkanya.

Uhuru na Umoja!