Visiwa vya Nchi Kavu: Namna ya Kutunga Ulimwengu Uliopotea kwa Mchezo wa Mezani

Mada kwa semina ya watunzi chipukizi wa michezo, Mabwerebwere, Kilosa



Mchezo ninaouzungumzia huchezwa na watu wanne au watano mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa wengine ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na mambo yanayotokea, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini, na penye shaka dadu hukata shauri. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia hii, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1981 ulipata kitabu kiitwacho The Isle of Dread, chenye kisiwa cha dinosaria, na hadi leo mtunzi anayetaka ulimwengu uliopotea huanza na mnyama mkubwa wa kutisha.

Mimi nawaombeni tuanze na sababu. Ni kitu gani kimeutenga ulimwengu huo? Ukilijua hilo, wanyama, njia, chakula na ugomvi vitajitokeza vyenyewe.

Sababu nzuri tunaiona tukinyanyua macho hapa tulipo. Milima ya Rubeho, Ukaguru, Uluguru na Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki. Kwa mamilioni ya miaka upepo wa Bahari ya Hindi umeiletea milima hii mvua na ukungu, ndiyo maana misitu ya juu ilibaki mibichi hata nyanda za chini zilipokauka. Kila mlima ukawa kisiwa, na ukavu ndio bahari yake. Viumbe waliobaki juu hawakuwa na pa kwenda.

Mwaka 1991, katika kambi ndani ya msitu wa Udzungwa, watafiti kutoka Denmaki walimaliza kula, wakatazama ndani ya sufuria, wakakuta miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale. Mwaka 1994 sayansi ikamtambua rasmi, na ikabainika kwamba jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Hebu fikirini kwa makini: ndege ambaye ukoo wake uko ng'ambo ya bahari, na ushahidi wake wa kwanza ni mabaki ya kitoweo! Hakuna dinosaria atakayewashtua wachezaji wako kiasi hicho. Kipindi cha kwanza cha mchezo kiwe hivyo. Wahusika wamefika ugenini usiku, wamekaribishwa ugali na mchuzi, na mmoja wao analishika paja na kuona mguu usiofanana na wa kuku yeyote. Atamuuliza nani? Aliyepika, bila shaka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Arthur Conan Doyle. Katika riwaya yake The Lost World ya 1912, wageni kutoka London ndio wanaopanda mlima na kurudi na sifa. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Nyani wa Sanje alipoingia katika vitabu vya sayansi baada ya 1979, wenyeji walikuwa na jina lake tayari, ng'olaga, na mlio wake waliutambua kwa mbali. Kwa hiyo katika sheria zenu, maarifa ya wenyeji yawe na uzito kuliko upanga. Mchezaji asiyesalimia wazee, asiyeuliza njia, dadu lake lisimsaidie sana. Na msimgeuze Kolelo, mzimu wa Uluguru, kuwa joka la kuuawa ili mtu apate hazina. Watu walimwendea kuomba mvua. Ni imani ya jirani zetu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii: sababu ya kutengwa inaweza kuondolewa. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi. Mwaka 2000 mradi wa umeme ulipochepusha sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Mamia ya vyura walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa; porini wakatangazwa kutoweka mwaka 2009, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa, wakinyunyiziwa maji kwa mabomba. Upande mmoja kuna chura mdogo kuliko kidole gumba, upande mwingine kuna hospitali na shule zinazohitaji umeme. Hakuna mwovu mezani. Wapeni wachezaji bomba hilo mikononi, na muwaache wabishane mpaka usiku.

Kwa kazi ya mchana, kila meza iandike mambo mawili kabla ya kuchora ramani: kitu kilichoutenga ulimwengu wenu, na mtu mwenye sababu ya haki ya kutaka kiondolewe. Dinosaria, kama mnawataka, Tendaguru kule Lindi ilitoa mifupa tele kati ya 1909 na 1913, na wapagazi waliibeba hadi bandarini. Mmoja wa wapagazi hao anaweza kuwa mhusika wenu wa kwanza.