Mkono Uliomchora Lodi Lofa

Mtajie Lodi Lofa mtu aliyesoma gazeti la Sani miaka ya 1980, ataanza kucheka kabla hujamaliza. Kisha mtajie Philip Ndunguru. Huenda akakuuliza, huyo naye ni nani? Juma hili tumzungumzie huyo wa pili, maana bila yeye wa kwanza asingezaliwa.

Sani lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake limeshonwa kwa herufi za majina yao. Katuni hazikuwa ngeni nchini. Chakubanga wa Christian Gregory alikwisha kutamba katika Uhuru tangu miaka ya 1960, hata watu wakaziita katuni zote vichakubanga. Lakini Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na Chakubanga alikuwa na kipembe chake tu. Katika Sani hadithi ya picha ilipata pa kunyooshea miguu.

Humo ndimo Ndunguru alimowaleta Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Hebu tazameni majina hayo. Lodi ni bwana mkubwa wa Kizungu. Lofa ni mtu asiye na mbele wala nyuma. Waunganishe, unampata kijana wa mjini mwenye majivuno kifuani na tundu mfukoni. Ndumilakuwili hahitaji maelezo, kila mtaa unaye wake. Na kumbukeni ilikuwa zama gani. Mwaka 1983 walanguzi walikamatwa kwa jina la wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Nguvukazi, ambayo kwayo watu wasio na kazi walizolewa Dar es Salaam ili wakalime. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, televisheni Bara hakuna. Katika nchi ya namna hiyo, kumfanya lofa kuwa nyota wa gazeti si mzaha mdogo. Sisemi Ndunguru alikuwa mwanasiasa. Nasema alikuwa na jicho.

Tena picha haimbagui asiyejua kusoma. Fikirini nakala moja imeingia Piyaya, huko Ngorongoro, ndani ya begi la mwanafunzi aliyerudi likizo. Bibi anayesema Kimaasai tu atauelewa uso wa tapeli bila mkalimani.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wake hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwapokea wakaendelea nao miaka mingi, na wamo waliokuwa mafundi hasa. Lakini hapo ndipo penye donda: msomaji aliendelea kumwona Lodi Lofa yuleyule, asiulize kama mkono umebadilika. Mwanamuziki akifa, redio hupiga nyimbo zake na kumtaja. Mchoraji humezwa na kiumbe chake mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyotuletea COSOTA, ilikuja mwaka 1999, miaka 13 baada ya yeye kuzikwa.

Na karatasi zenyewe je? Magazeti yetu ya zamani yameishia kufungia karanga. Wenye Sani za miaka ile sandukuni wazipeleke Maktaba Kuu, na wakutubi nao wasiwapokee kwa kuguna eti hayo ni mambo ya watoto. Kabla ya kuzipeleka, wachunguze pembezoni mwa kila picha, wayaandike majina ya wachoraji watakayoyakuta.